Moduli zinapogongana: Kiini cha hitilafu inayowatatiza waundaji wa programu za Python

MWANAFUNZI anayejifunza kuunda programu za tarakilishi aghalabu huanza kwa mchezo mdogo wa kubahatisha nambari. Tarakilishi huchagua nambari yoyote kati ya 1 na 100, naye mchezaji hutakiwa kuikisia huku akiambiwa kila mara iwapo amepita au hajafika. Katika lugha ya Python, mchezo huo ni wa mistari michache tu. Mwanafunzi huandika mstari wa kwanza, "import random", ili apate kuitumia moduli inayochagua nambari kwa bahati nasibu. Humaliza kazi yake, kisha huihifadhi kwa jina ambalo kwake ni la kawaida kabisa: random.py.

Anapoiendesha, programu hukwama papo hapo. Ujumbe unaojitokeza kwenye skrini humwarifu kwamba moduli ya random haina kitu kinachoitwa randint. Hukagua tahajia na kuiona haina kasoro. Hufungua kitabu akakuta randint imeandikwa vivyo hivyo. Hunakili mfano wa mwalimu neno kwa neno, nao pia ukakataa. Ikiwa yuko katika mkahawa wa intaneti anakolipa kwa dakika, saa nzima huyoyoma na pesa zikamtoka kabla hajatambua kwamba msimbo wake haukuwa na kosa lolote tangu mwanzo. Kosa lilikuwa katika jina la faili.

Hitilafu ya aina hii, ambapo moduli mbili zinazotumia jina moja hugongana, haiwapati wanagenzi peke yao. Wataalamu waliobobea hukumbana nayo pia, ila kwao huja ikiwa imevaa joho jingine. Na kwa kuwa mwaka wa 2022 Taasisi ya Kukuza Mitaala nchini Kenya (KICD) iliidhinisha silabasi ya usimbaji kwa ajili ya shule za msingi na za upili, huenda mzazi ambaye hajawahi kuandika hata mstari mmoja wa programu akajikuta akiulizwa na mwanawe kwa nini kazi ya ziada imekataa kufanya kazi. Ni vyema basi jambo hili lieleweke kuanzia mizizi yake.

Moduli ni faili ya msimbo iliyokwisha kuandikwa, ambayo programu nyingine inaweza kuiazima badala ya kuanza upya. Python ilibuniwa na Mholanzi Guido van Rossum na kutolewa kwa umma kwa mara ya kwanza mnamo Februari 1991. (Jina lake, ieleweke, halikutokana na chatu bali na kipindi cha vichekesho cha runinga ya Uingereza, Monty Python's Flying Circus.) Lugha hii huja na ghala zima la moduli zilizo tayari: za hesabu, za tarehe, za barua pepe, za kusoma majedwali na kadhalika. Juu ya ghala hilo kuna maelfu kwa maelfu ya vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine duniani kote, ambavyo mtu yeyote anaweza kuvipakua bila malipo. Katika wingi huo wote, programu huitambua moduli kwa kitu kimoja tu, nacho ni jina lake.

Hapo ndipo penye kiini cha tatizo. Mwalimu akiita "Otieno!" katika darasa lenye akina Otieno wawili, huenda atakayeitika kwanza ni yule aliyeketi karibu naye. Python nayo hufuata mtindo uo huo, isipokuwa utaratibu wake wa kuketi haubadiliki na unafahamika vyema.

Inapokutana na agizo la "import", kwanza huangalia orodha ya moduli ambazo tayari zimekwisha kuingizwa katika programu hiyo. Jina likiwamo, haihangaiki kutafuta tena. Pili, hutazama moduli chache zilizojengwa ndani ya kifasiri chenyewe, yaani ile programu inayosoma msimbo na kuutekeleza. Jina likikosekana huko, ndipo inapoanza kupita folda moja baada ya nyingine kulingana na orodha iitwayo sys.path. Folda ya kwanza ni ile iliyo na programu inayoendeshwa. Halafu huja folda zozote zilizotajwa katika kigezo cha PYTHONPATH, ikiwa kimewekwa. Kisha huja ghala la moduli za Python yenyewe, na mwisho folda ya site-packages ambamo huwekwa vifurushi vilivyopakuliwa kutoka nje. Faili ya kwanza kupatikana yenye jina linalotakiwa ndiyo inayochukuliwa, na msako hukoma hapo. Python haiendelei kuangalia kama kuna nyingine iliyo bora zaidi mbele ya safari, wala haimwonyi mtu kwamba imeona mbili.

Sasa kisa cha mwanafunzi wetu kinaeleweka. Programu yake iliitwa random.py na ilikuwa katika folda ya kwanza kupekuliwa. Alipoagiza random, Python ilimletea faili yake mwenyewe. Programu ikajiingiza yenyewe ndani yake yenyewe, na ilipofika mahali pa kuitisha randint, ikamtafuta randint katika msimbo wa mwanafunzi, ambamo kwa hakika hayumo. Moduli halisi ya random ilikuwa imetulia katika ghala lake, haina habari.

Ujumbe wa hitilafu kwa miaka mingi haukumsaidia mtu. Tangu toleo la 3.8 la Oktoba 2019, Python ilianza kueleza kwamba moduli hiyo haijamaliza kupakiwa, na kwamba yamkini kuna moduli zinazoingizana kwa mzunguko. Maelezo hayo ni ya kweli, lakini kwa mwanafunzi aliyeandika faili moja tu ni fumbo juu ya fumbo: mzunguko gani huo, na faili ni moja? Ilibidi kungojea hadi toleo la 3.13, lililotolewa Oktoba 2024, ndipo ujumbe ukaanza kusema wazi kwamba faili ya mtumiaji ina jina sawa na moduli ya ghala, na kumshauri aibadilishe jina. Wanaotumia matoleo ya zamani, na ni wengi hasa katika maabara za shule ambako mashine hazisasishwi mara kwa mara, bado wanaupata ujumbe wa kale.

Kunazo tofauti za ajabu pia. Mwanafunzi wa pili akiita faili yake time.py, kisha aandike "import time", hataona tatizo lolote, kwa sababu moduli ya time kwa kawaida imejengwa ndani ya kifasiri na hupatikana kabla folda hazijaanza kupekuliwa. Moduli ya math nayo ni kigeugeu. Katika baadhi ya tarakilishi imejengwa ndani ya kifasiri, na katika nyingine ni faili iliyo kando. Kwa hivyo mtu aliye na math.py katika folda yake anaweza kuiona kazi yake ikiendelea barabara nyumbani, kisha ikamwaibisha mbele ya darasa kwenye mashine ya shule. Msimbo ni ule ule na lugha ni ile ile.

Hali huwa mbaya zaidi pale ambapo faili yenye jina la kugongana si hiyo inayoendeshwa, bali ni nyingine iliyosahauliwa katika folda hiyo hiyo. Chukua mfano wa mtu aliyeandika programu fupi ya kutuma barua pepe na kuiita email.py. Ilifanya kazi yake, akaiacha hapo. Mwezi mmodi baadaye anaandika programu tofauti kabisa ya kupakua bei za bidhaa kutoka tovuti fulani, wala hagusi habari za barua pepe. Programu hiyo inakataa, na ujumbe wa hitilafu unataja faili ya http/client.py ambayo hajawahi kuiona maishani mwake, ukisema kwamba hakuna moduli iitwayo email.parser na kwamba email si kifurushi.

Kilichotokea ni kwamba moduli ya Python inayowasiliana na tovuti hutegemea moduli ya email ili kusoma vichwa vya ujumbe vinavyorudishwa na seva. Ilipoitafuta, ikaipata email.py ya mwenye folda. Jamaa huyu anaweza kushinda siku nzima akiilaumu tovuti, au kampuni inayomuuzia intaneti, au hata kuifuta Python na kuiweka upya. Yote hayo hayatamfaa kitu ilhali faili ile ingali imekaa pale pale.

Majina mengine yanayonasa wengi ni csv, string, calendar, queue, token, code, statistics na turtle, hili la mwisho likiwa moduli ya kuchora ambayo watoto wengi hufundishwa nayo. Itaonekana kwamba yote ni maneno ya kawaida ya Kiingereza, na hiyo ndiyo sababu ya watu kuyachagua. Kwa upande huu, anayeandika kwa Kiswahili ana nafuu asiyoitarajia: akiziita faili zake bahati.py, barua.py au kalenda.py, ni vigumu kugongana na ghala la Python, ambalo majina yake yametokana na Kiingereza. Hiyo si kinga kamili, lakini ni kinga isiyogharimu kitu.

Je, mtu atajuaje kwamba tatizo alilo nalo ni la kugongana kwa majina wala si kosa jingine? Dalili kuu ni programu kudai kwamba moduli inayojulikana haina kitu ambacho kila kitabu kinasema inacho. Anayeona ujumbe wa namna hiyo hafai kuanza kuuhariri msimbo wake. Anachohitaji ni mstari mmoja wa ziada, uandikwe mara tu baada ya lile agizo la kuingiza: print(random.__file__). Mstari huu huchapisha anwani kamili ya faili ambayo Python imeichukua. Ikiwa anwani inaelekea katika folda ya Python yenyewe, jina halina lawama na uchunguzi uelekezwe kwingine. Ikiwa inaelekea katika folda ya kazi za mwanafunzi, mshukiwa amepatikana. (Moduli zilizojengwa ndani ya kifasiri, kama time, kwa kawaida hazina anwani hiyo, na kuiitisha huleta hitilafu nyingine, mtu asishtuke.)

Mstari huo mmoja huokoa muda mwingi kuliko mbinu nyingine yoyote, na ni jambo la kushangaza kwamba vitabu vingi vya kuanzia havitaji habari zake. Anayetaka kuona zaidi anaweza kuchapisha orodha ya sys.path ili ajue mpangilio wa folda zinazopekuliwa, au kuiendesha programu kwa kuongeza kialama -v, ambacho huonyesha kila moduli inapoingizwa na mahali ilikotoka. Matokeo yake ni marefu mno na huchosha macho, lakini hayafichi kitu. Tangu toleo la 3.11 la mwaka 2022 kuna pia kialama -P, kinachoizuia Python kuiweka folda ya programu mwanzoni mwa orodha. Programu ikikataa bila -P na ikakubali pamoja nacho, basi mgongano umethibitishwa.

Dawa ni kuibadilisha faili jina. Kuna mtego mmoja, hata hivyo, kwa wanaotunza programu za zamani. Python 2, ambayo huduma yake ilisitishwa rasmi Januari 1, 2020, ilikuwa ikiacha kando ya kila moduli iliyoingizwa faili nyingine yenye mwisho wa .pyc, na iliweza kuisoma hiyo hata baada ya ile ya asili kufutwa. Mtu alibadilisha jina, akaendesha, na hitilafu ikabaki pale pale kama jini. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2011, faili hizo huwekwa katika folda ya __pycache__ na hazisomwi ikiwa faili ya asili haipo. Ajabu ni kwamba ushauri wa kufuta .pyc bado hurudiwa kwa mazoea, hata pale ambapo hauna kazi.

Aina ya pili ya mgongano haihusu faili bali majina yaliyo ndani ya programu yenyewe, na hii huwatesa hata wenye uzoefu. Mfano maarufu ni moduli ya datetime. Ndani ya moduli hiyo mna aina ya data ambayo nayo, kwa bahati mbaya, inaitwa datetime. Mtunzi wa programu ya mikopo akiandika "import datetime" mwanzoni, kisha mwenzake aongeze "from datetime import datetime" mistari kadhaa chini, jina la pili hulifunika la kwanza kimyakimya. Tangu hapo, sehemu iliyokuwa ikiongeza siku 30 kwenye tarehe ya mkopo kwa kutumia datetime.timedelta itaanguka, kwa kuwa datetime sasa si moduli tena. Kila mmoja wa waandishi hao wawili ataapa kwamba mstari wake ni sahihi, na kila mmoja atakuwa anasema kweli. Suluhisho ni kuipa moduli lakabu tangu mwanzo, kwa mfano "import datetime as dt", ili majina hayo mawili yasikutane kamwe.

Mgongano hatari zaidi katika kundi hili ni ule unaoletwa na alama ya nyota. Agizo la "from numpy import *" huchukua karibu kila kitu kilicho katika kifurushi cha NumPy, kinachotumiwa sana na wanasayansi na watakwimu, na kukimwaga ndani ya programu bila kuuliza. Miongoni mwa vitu hivyo mna sum, ambalo pia ni jina la amri ya Python yenyewe ya kujumlisha. Amri hizo mbili zinafanana zikipewa orodha pekee. Zikipewa kitu cha pili, zinaachana njia. Kwa sum ya Python, kitu cha pili ni kiasi cha kuanzia. Kwa sum ya NumPy, ni mhimili wa jedwali ambao hesabu itaufuata.

Tuseme mhasibu wa chama ana michango mitatu ya Sh500 na salio la awali la Sh2,000. Sum ya Python itampa Sh3,500. Sum ya NumPy itagoma na kulalamika kwamba jedwali halina mhimili wa 2,000, naye mhasibu atajua mara moja kwamba mambo yameharibika. Huyo ana bahati. Sasa tuseme nambari zinazojumlishwa ni 0, 1, 2, 3 na 4, na kiasi cha kuanzia ni -1. Python itajibu 9, ambalo ndilo jibu lililokusudiwa. NumPy, ambayo huichukulia -1 kumaanisha mhimili wa mwisho, itajibu 10. Hakuna onyo wala ujumbe wowote, na programu itaendelea hadi mwisho ikiwa na sura ya kuaminika kabisa. Hitilafu inayopiga kelele humfaa mwenye programu kuliko ile inayonyamaza na kuharibu hesabu, kwani hii ya pili huweza kugunduliwa miezi mingi baadaye, na ukaguzi ndio huifichua.

Si kila lugha inayoruhusu jambo hili. Katika Java, mtu akiingiza kwa nyota yaliyomo katika java.util na java.awt, kisha akatumia jina List ambalo liko katika pande zote mbili, msimbo hukataliwa kabla ya kuendeshwa, na huamriwa aseme anamtaka List yupi. Watetezi wa Python husema ulegevu wake ndio unaoifanya iwe nyepesi kujifunza. Hoja hiyo ina uzito, lakini katika suala hili Java imetenda haki zaidi kwa mtumiaji.

Mgongano wa tatu ni wa mzunguko, na huu hujitokeza programu inapokua. Programu ya chama cha akiba na mikopo inaweza kuwa na faili ya wateja.py na nyingine ya mikopo.py. Ya kwanza inaagiza kitu fulani kutoka kwa ya pili ili ijue mteja ana mikopo gani, nayo ya pili inaagiza kitu kutoka kwa ya kwanza ili ijue mkopo ni wa nani. Python huanza kuisoma wateja.py, ikakutana na agizo la kwenda mikopo.py. Huko nako, kabla haijasoma lolote la maana, huambiwa irudi wateja.py ikachukue kitu ambacho bado hakijaandikwa. Inakuwa hadithi ya kuku na yai.

Wengi hutatua tatizo hili kwa kulihamisha agizo moja kutoka juu ya faili na kulitia ndani ya amri inayolihitaji, ili lisitekelezwe hadi faili zote mbili ziwe zimemaliza kusomwa. Njia hiyo hufanya kazi, lakini ni kiraka. Mara nyingi mzunguko ni ishara kwamba kuna kitu ambacho faili zote mbili zinakihitaji na ambacho kilistahili kuwa na faili yake ya tatu, isiyomtegemea yeyote kati yao. Anayechukua muda kuitenga faili hiyo ya tatu hatalazimika kulirudia zoezi hilo kila anapoongeza kipengele kipya.

Kisha kuna migongano inayoletwa na vifurushi vya nje. Jina ambalo kifurushi hupakuliwa kwalo si lazima liwe sawa na jina ambalo huingizwa kwalo. Anayetaka kuunganisha tarakilishi na kifaa kama vile mizani ya kielektroniki kupitia waya huandika "import serial", kwa hivyo hudhani kwamba anafaa kupakua kifurushi cha serial. Kipo kweli, lakini ni kingine kabisa, kisicho na uhusiano wowote na vifaa. Anachohitaji kinaitwa pyserial. Akivipakua vyote viwili, vinapigania folda moja, na njia salama ni kuviondoa vyote na kuweka upya kile kimoja. Hali kama hiyo huwapata wanaotumia PyCrypto, kifurushi cha usimbaji fiche kilichoachwa bila matoleo mapya tangu 2013, pamoja na mrithi wake PyCryptodome. Vyote huingizwa kwa jina la Crypto, na haviwezi kukaa pamoja.

Isitoshe, vifurushi viwili vinaweza kuhitaji matoleo mawili tofauti ya kifurushi cha tatu. Programu moja ya Python inayoendeshwa hubeba toleo moja tu kwa kila jina. Hadi mwishoni mwa mwaka wa 2020, pip, ambayo ndiyo programu ya kupakua vifurushi, ilikuwa ikichukua toleo la kwanza lililotajwa na kuendelea, ikimwachia mtumiaji balaa. Toleo la 20.3 la Novemba mwaka huo lilianza kuchunguza mahitaji yote kwa pamoja na kukataa yasiyopatana. Watu walinung'unika kwamba pip imekuwa mkaidi, ilhali mgongano ulikuwapo siku zote, ila sasa umetajwa.

Kwa sababu hiyo kila kazi inafaa kuwa na mazingira yake yaliyotengwa, yenye vifurushi vyake yenyewe. Python imekuja na zana ya kuyaunda, venv, tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012. Amri ni moja, "python -m venv" na jina la folda, na kazi mbili zinazohitaji matoleo tofauti haziguswi tena na ugomvi. Vivyo hivyo, mtu aliye na Python mbili au tatu katika mashine moja anashauriwa kuandika "python -m pip install" badala ya "pip install" peke yake, ili awe na hakika kwamba kifurushi kinaingia katika Python ile ile atakayoitumia. Malalamiko mengi kwamba "nimeiweka moduli lakini haionekani" huishia hapo. Baadhi ya mifumo ya Linux sasa inalazimisha nidhamu hiyo. Tangu Debian 12 ya Juni 2023, pip hukataa kuingiza vifurushi katika Python ya mfumo wenyewe, isije ikaharibu zana ambazo mfumo unazitegemea.

Yote yaliyotajwa hadi sasa ni ajali. Lakini pale ambapo jina pekee ndilo huamua ni msimbo gani utaendeshwa, mwenye nia mbaya naye ana pa kupenyea. Mnamo Februari 2021, mtafiti wa usalama Alex Birsan alieleza hadharani jinsi alivyofaulu kuendesha msimbo wake ndani ya mitandao ya zaidi ya mashirika 35, yakiwemo Apple na Microsoft. Alipata majina ya vifurushi ambavyo kampuni hizo hutumia kwa siri ndani kwa ndani, akavisajili vifurushi vyenye majina hayo hayo katika hazina za umma, akavipa nambari za toleo zilizo juu zaidi. Mashine za kampuni hizo, zilipoona jina linalofanana lenye toleo kubwa, zikachukua la Birsan. Alikuwa akifanya kazi hiyo chini ya mipango ya kampuni ya kuwatuza wanaofichua udhaifu, na alilipwa kwa ugunduzi wake.

Aliyefuata hakuwa na heshima hiyo. Kati ya Desemba 25 na 30, 2022, watu waliopakua kupitia pip toleo la majaribio la PyTorch kwa mfumo wa Linux waliletewa kifurushi cha torchtriton kisichokuwa halisi. PyTorch, ambayo hutumiwa kuunda programu za akili bandia, ilikuwa na torchtriton yake katika hazina yake yenyewe, lakini mtu fulani alikuwa amesajili jina hilo hilo katika hazina ya umma ya PyPI, na pip ikaipa hiyo ya umma kipaumbele. Kifurushi hicho bandia kilikusanya taarifa za mashine, funguo za siri za kuingilia seva na faili 1,000 za kwanza katika folda ya mtumiaji, kikazituma nje.

Wasimamizi wa PyTorch waliwataka walioathiriwa kukiondoa kifurushi hicho mara moja na wakatoa amri ya kukagua kama mashine ina nakala yake. Kisha walifanya mambo mawili. Walisajili kifurushi kitupu katika PyPI, ili tukio hilo lisijirudie. Na kifurushi chao halisi wakakibadilisha jina, kikaitwa pytorch-triton.